Betri Iliyovimba

Ndani ya basi, mshonaji alikaa kiti cha nyuma ya mwalimu na fundi wa simu, na sikio halina pazia. Mwalimu alikuwa akimweleza fundi, abiria mwenzake, kwamba kompyuta yake ya mkononi imeota tumbo. "Nikimaliza kazi naigandamiza kwa kamusi mbili. Asubuhi naikuta imenywea kidogo."

"Dada, hiyo ni betri imevimba, si godoro! Itakuwakia moto. Itoe, utumie umeme wa ukutani mpaka upate mpya."

"Umeme ukikatika, alama za darasa zima zinakwenda na maji. Betri mpya siiwezi, kaka yangu. Nimepata iliyotumika, kwa robo ya bei."

"Rahisi ni ghali. Hapo unatoa mgonjwa, unalaza mgonjwa."

Kwa akili, mshonaji alikuwa upande wa fundi. Kwa mfuko, upande wa mwalimu.

Basi likasimama. Fundi akainuka, kisha akageuka. "Na hiyo iliyovimba, sasa hivi iko wapi?"

"Kwenye mkoba, chini ya kiti. Nimeusukuma nyuma kidogo."

Mshonaji, aliyekuwa akishukuru safari nzima kupata pa kuegemeza miguu, akaiinua yote miwili taratibu, kama anayemkwepa mtoto aliyelala.