Sista Spana na Gari la Milango Miwili

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofanya kazi na marehemu, tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kufika. Karatasi hizi alianza kuziandika marehemu mwenyewe, wiki sita kabla ya kufariki, akaziacha katikati na kuagiza kwamba zimaliziwe na kusomwa na mdogo wa mumewe, yaani mimi niliyesimama hapa, na kwamba kila panaponihusu nisome "shemeji yake", kana kwamba nasimulia habari za mtu mwingine, ili nisipate mwanya wa kujitetea. Nitafanya hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi saa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko, ambako chumba cha mbele kilikuwa duka la baba. Hapo ndipo alipofundishwa kutandika kitambaa cheupe mezani na kupanga skrubu kwa mfuatano zilivyotoka, na alipofika miaka tisa aliweza kuifungua saa ya ukutani na kuifunga tena pasipo kubakiza kitu, jambo lililowashinda kaka zake wawili, ambao kila walipofunga saa walibaki na kipande mkononi na kuapa kwamba hakikuwa cha saa hiyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi na ukunga, alikohitimu mwezi Novemba 1982. Tarehe 3 Januari 1983 aliripoti kazini katika wodi ya wazazi, ghorofa ya pili, wodi ya vitanda ishirini na vinne na feni tatu, moja mbovu, na humo alifanya kazi kwa miaka thelathini na minane, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2021. Wenzake wanamkumbuka kwa maneno machache na mikono isiyo na haraka, na kwa tabia yake ya kuhesabu vitambaa na mikasi kabla ya kazi na baada ya kazi, kwa sauti, hata daktari akiwa amekwisha kuvua glavu.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na mchora ramani za majengo, mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega, wakajaaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1986 na mwana aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1990.

Mwezi Agosti 1991 mumewe alinunua gari la mkono wa pili, jekundu, la milango miwili, fupi na la chini, lenye injini ndogo iliyojaa ubishi. Mama mkwe wa marehemu aliliita kiatu, kwa sababu alisema haliingiwi bali linavaliwa, na kila alipofikishwa mahali ilibidi ashikwe mikono yote miwili kama mtu anayetolewa shimoni. Shemeji yake, aliyekuwa fundi katika karakana ya mabasi, ndiye aliyemsaidia kaka yake kulibadilisha, wakaweka ekzosi pana, wakaongeza kabureta ya pili, wakakata springi ili likae chini zaidi, wakatia shokapu ngumu, na marehemu akawa analalamika kwamba yeye ni mkunga pekee ambaye wagonjwa humsikia akiwa bado mitaa miwili nyuma. Lakini ndilo lilikuwa gari lao la kila siku, la kazini, la shule na la sokoni, na mumewe, pamoja na makelele yote ya ekzosi, aliendesha kama mtu aliyebeba mayai.

Jumapili ya tarehe 11 Juni 1995 shemeji yake alikuwa peke yake uani, akibadilisha vyuma vya mbele vilivyolegea. Miongoni mwa vyuma hivyo kuna fimbo inayopeleka amri ya usukani kwenye gurudumu, mafundi huiita tairodi, nayo hufungwa kwa nati, na ndani ya nati hupitishwa pini ndogo ya waya ili isijifungue kwa mtikisiko. Upande wa kushoto alikaza nati kwa mkono tu, kwa kuwa alitaka kwanza kuyapima magurudumu, halafu akaitwa kwenda kuangalia mpira, akaondoka akisema moyoni kwamba atarudi. Hakurudi.

Ijumaa ya tarehe 16 Juni 1995, saa kumi na moja jioni, mume wa marehemu alikuwa akitoka ofisini, na kwenye kona ya mteremko gari halikukata kona, likaenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa daraja. Alifariki njiani kupelekwa hospitali. Mkaguzi wa magari alilitazama gari lile, jekundu, la chini, lenye ekzosi pana, akaandika kwamba chanzo ni mwendo wa kasi kupita kiasi, na hakuna aliyemuuliza zaidi, kwa sababu wote tulikuwa na macho.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. Alisema mbele ya watu, siku ya mazishi, "Angekuwa na mke wa kumkanya, mwanangu angekuwa hai," na tangu siku hiyo aliitikia salamu ya marehemu akiwa ametazama pembeni. Shemeji yake alikuwepo, alisikia, akainamisha kichwa.

Mwezi Novemba marehemu alikwenda kuliomba gari lile kituo cha polisi, akalivuta hadi uani kwake, na ndugu wote, pande zote mbili, wakaona sasa akili imemruka, wakamshauri aliuze kwa watu wa vyuma chakavu. Hakubishana nao. Siku alizokuwa na mapumziko alitandika shuka nyeupe juu ya sakafu, akafungua chuma baada ya chuma, akavipanga kama alivyofundishwa, na Jumanne ya tarehe 21 Novemba 1995 alifika kwenye gurudumu la mbele kushoto. Nati haikuwepo. Angeweza kudhani imeng'olewa na ajali, lakini nyuzi za skrubu zilikuwa nzima, na tundu la pini lilikuwa limejaa grisi mpya, laini, ambayo hakuna kitu kilichowahi kupita ndani yake. Alikaa juu ya kreti hadi watoto waliporudi shule.

Kesho yake alimwita shemeji yake, akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi.

"Shemeji, hapa pini iko wapi?"

Angeweza kusema imekatika. Alisema, "Sikuiweka. Nilikwenda kuangalia mpira, nikasema nitarudi."

Marehemu alifuta mikono, akanawa, akavaa sare, akaenda zamu ya mchana. Daftari lake la siku hiyo linaonyesha alizalisha watoto watatu, wote wazima.

Kwa wiki tatu hakutaka kumwona. Halafu akamtumia ujumbe aje, akampa masharti mawili akiwa amesimama mlangoni. La kwanza, amfundishe kuliunda gari lile upya, nati kwa nati, na kila atakachofunga yeye atakikagua. La pili, aende akamweleze mama yake mwenyewe namna kaka yake alivyokufa, kwa sababu yeye hawezi kwenda kujisafisha kwa mama mkwe kwa kumchafua mwanawe aliyebaki.

Sharti la kwanza lilitimizwa. Kazi ilichukua miezi minane. Waliweka breki za gari zito zaidi, wakatia mikanda hadi viti vya nyuma, springi wakazirudisha juu, ila kabureta mbili marehemu alikataa ziguswe, kwa sababu mumewe ndiye aliyezipangia pumzi ya hewa na mafuta. Akanunua chupa ya rangi ya kucha nyeupe, yeye ambaye kazini haruhusiwi kupaka kucha, akachora mstari mwembamba juu ya kila nati na chuma chake, ili nati ikizunguka hata kidogo mstari uvunjike na jicho lione. Asubuhi ya tarehe 5 Agosti 1996 alikwenda nalo kazini, na wauguzi waliomwona akiingia chini ya bampa kwa sare nyeupe kabla ya kuondoka ndio waliompa jina la Sista Spana.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi ya pili, kwa miaka ishirini na saba, shemeji yake alifika kulihudumia gari hilo. Marehemu alikagua kwa kurunzi na kioo kidogo cha kutazamia meno, mstari mmoja baada ya mwingine, na asiporidhika alisema "fungua tena", basi. Chai aliletewa palepale uani, juu ya stuli. Mezani hakukaribishwa, wala watoto hawakujua kwa nini, walidhani baba mdogo hapendi kuvua viatu.

Sharti la pili halikutimizwa. Alisema atangoja mwaka upite, kisha akasema mama ana presha, kisha akasema siku si nzuri, na mwaka ukazaa mwaka. Mama mkwe alipougua, mwishoni mwa mwaka 2007, aliyemuuguza ni marehemu, na aliyempeleka kliniki ni marehemu, katika gari lilelile, na mama yule alikaa safari nzima amefumba macho, mkono wake umeng'ang'ania mpini wa mlango. Jioni ya tarehe 8 Februari 2008 nyumbani kwa mama mkwe, marehemu aliwatoa watu wote chumbani, akamwacha shemeji yake na mama yake, akafunga mlango kwa nje. Baada ya nusu saa shemeji yake alitoka. Walikuwa wamezungumza habari za mvua.

Marehemu alimtazama usoni, akasema, "Umemwacha aende nalo." Mama alifariki kesho yake.

Hakulitaja tena jambo hilo kwa miaka kumi na sita. Jumamosi ziliendelea. Vipuri vilizidi kuadimika, vingine shemeji yake alivikereza mwenyewe karakanani, vingine walivipata kwa muuza vipuri mmoja mwenye subira ambaye yupo hapa leo, na gari likaendelea kumpeleka marehemu zamu zote, likabeba wajawazito wa mtaani ambao kuingia waliingia na kutoka ikawa kazi ya watu wawili.

Mwezi Novemba 2022 tumbo lilianza kumjaa na chakula kumshinda, na tarehe 17 Januari 2023 madaktari walithibitisha kwamba ana saratani ya mfuko wa mayai. Alifanyiwa upasuaji mwezi Februari, akaanza dawa za mishipani, na kwa zaidi ya mwaka alijiendesha mwenyewe kwenda na kurudi, hadi tarehe 26 Aprili 2024, mguu wa kushoto ulipokosa nguvu za kukanyaga klachi, akasimama pembeni ya barabara, akampigia binti yake simu, akamkabidhi ufunguo.

Tarehe 1 Agosti shemeji yake aliitwa, na kwa mara ya kwanza akakaribishwa ndani, akakalishwa kwenye kiti kando ya kitanda. Aliuliza kile alichokuwa hajathubutu kukiuliza.

"Shemeji, umenisamehe?"

Marehemu alijibu, "Sijui, shemeji. Nimekuzoea." Kisha akampa karatasi hizi.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, wodini, akiwa mikononi mwa binti yake. Ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Jana mchana shemeji yake aliwaita watoto hao sebuleni akawaeleza yote, kwa kuwa haikuwa haki wayasikie hapa kwanza. Binti alinyanyuka, akatoka nje, hajazungumza naye hadi sasa. Mwana aliuliza jambo moja tu, kama bibi yake alijua, akaambiwa hapana, akasema, "Basi nenda ukasome."

Kwa hiyo, kwa agizo la marehemu, na mbele yenu nyote, yaandikwe haya. Aliyekufa Ijumaa ile hakuwa katika mwendo wa kasi. Usukani ulimtoka kwa kazi ambayo mdogo wake hakuimaliza, na mkewe, aliyebebeshwa lawama kwa miaka ishirini na tisa, hakuwa na kosa lolote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, ambao wengi wao walifundishwa kazi na marehemu na aliwasahihisha hadi siku ya mwisho, wafanyakazi wenzake wa wodi ya wazazi waliopeana zamu za kukesha naye, majirani waliovumilia ekzosi ile saa kumi na mbili kila asubuhi, na muuza vipuri, ambaye wiki zile za mwisho alikuja na matunda badala ya vyuma.

Shemeji, nimesoma kama ulivyoagiza, sikuruka mstari. Pumzika sasa, mama wa watu, amani iwe nawe.