Umri wa Kathini Ulioishia Kwenye Kibarua

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya, Bwana Ndete, Bi. Ndete uliyeandamana naye, Meneja wa kiwanda, wasimamizi wetu, nanyi wafanyakazi wenzetu: hamjambo.

KARIBU

Sisi wanawake wa sehemu ya ushonaji tunakukaribisha katika kantini hii uliyokuja kuifungua. Mpaka juzi tulikuwa tukila chakula cha mchana tumeegemea ukuta wa nje, na mvua ikinyesha tunafunika sahani kwa leso. Leo tumeketi kwenye viti. Asante sana.

TULIKOTOKA

Wengi wetu huja kazini kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga. Wengine tunatoka Mbotela na Kariobangi. Kazi yetu ni kuunga sweta za shule zikishafumwa: mikono, shingo na mifuko. Asubuhi ya baridi ya Julai, ukiona watoto wanavuka Jogoo Road wakiwa wamejikunyata ndani ya sweta zao, ujue huenda tulizishona sisi.

TUNAYOJIVUNIA

Mwaka jana, mvua za El Niño zilipojaza maji nyumba zetu, tulikuja kazini tumeshika viatu mkononi, na sweta za Januari zilitoka kwa wakati. Tuna kwaya pia. Umeisikia. Wale wa sauti ya tatu walikuwa na mafua, tunaomba uwawie radhi.

LINALOTUSUMBUA

Mgeni rasmi, hapa tulikuwa tumeandika mambo mengi: taa, vyoo, mwanga wa mashine. Tumeyaweka kando. Tunataka kukueleza habari za mwenzetu mmoja, Kathini. Yuko humu ndani, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema atajwe kwa jina. Mumewe, Shiundu, ambaye ni dereva, alipoulizwa alisema, “Someni. Labda itamfaa mtu.”

Kathini ni binti wa karani, amekulia Mbotela. Alianza kibarua hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na nne. Kibarua maana yake unafika langoni asubuhi, na msimamizi anaamua kama utaingia. Mfanyakazi wa kudumu akijifungua hupewa likizo na kurudi kwenye mashine yake. Kibarua hana likizo. Tumbo likionekana, safari yake imeishia hapo.

Kathini aliliona hilo kwa macho yake mwaka alioolewa. Roseline, jirani yake wa mashine, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Msimamizi wa siku zile alimsimamisha mbele yetu akamwambia, “Mama, nenda ukazae. Ukimaliza, njoo usimame langoni na wageni wengine.” Roseline alikuwa amefanya kazi hapa miaka sita. Alikunja aproni yake, akaiweka juu ya mashine, akatoka. Hakuitwa tena.

Jioni hiyo Kathini alimwambia mumewe, “Baba, tungoje kidogo. Niandikwe kazi ya kudumu kwanza, halafu tuzae kwa raha zetu.”

“Watakuandika lini?” Shiundu akauliza.

“Wanasema mwaka ujao.”

Mwaka ujao ukafika, wakasema mwaka ujao. Kathini akawa anameza vidonge vya kupanga uzazi, anaunga mikono ya sweta, anangoja. Wadogo zake wakaoa na kuolewa, wakazaa. Alipoulizwa na watu wa kanisani alicheka tu, akasema kazi imembana. Barua ya kuajiriwa alipata akiwa na miaka thelathini na saba. Siku hiyo alitununulia soda sote, na alipofika nyumbani akavitupa vile vidonge.

Haukupita muda mrefu akashika mimba. Alitwambia mapema mno, kwa furaha. Ikatoka changa. Akapumzika, akashika nyingine. Hiyo ilitoka mvua zile za El Niño zikinyesha, akiwa pale pale kwenye mashine. Tulimzungushia leso zetu, tukamsindikiza mpaka barabarani kwenye tope.

Mama mkwe wake, Mama Annah, akafunga safari kutoka magharibi. Ni mama mpole, lakini alikuja na maneno mazito. “Mwanangu, niambie ukweli,” alimwambia Kathini. “Vile vidonge si ndivyo vilivyokuharibu tumbo?”

Kathini mwenyewe alikuwa akijiuliza hivyo hivyo kila akilala. Shiundu akaona mambo yasiishie kwenye kubahatisha. Akawachukua wote wawili mpaka kwa Daktari Shire, mtaalamu wa magonjwa ya wanawake. Wakapimwa, mke na mume. Halafu daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia yule mama.

“Mama, Kathini alizaliwa akiwa tayari na mayai yake yote. Hatengenezi mengine. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku, lakini yai la Kathini lina umri wa Kathini. Ndani ya yai mna nyuzi ndogo sana zinazobeba urithi, tunaziita kromosomu. Yai likikomaa, nyuzi hizo lazima zigawanyike sawasawa. Mwanamke akiwa kijana, mara nyingi zinagawanyika vizuri. Akikaribia arobaini, makosa yanaongezeka: uzi mmoja unazidi, au mmoja unapungua. Mimba ya namna hiyo kwa kawaida haifiki mbali. Inatoka yenyewe.”

“Mimi kitinda mimba wangu nilimzaa nikiwa na arobaini na mbili,” Mama Annah akasema.

“Wako wengi kama wewe, na watoto wao wazima kabisa. Hakuna siku moja ambayo uzazi hukatika ghafla. Unapungua polepole, na ukipita thelathini na tano unapungua kwa haraka zaidi. Siwezi kuapa kwamba ndilo lililompata Kathini, maana zile mimba hazikupimwa. Lakini kwa umri wake, hiyo ndiyo sababu tunayoiona zaidi.”

“Na vidonge?”

“Havikuharibu kitu. Alipoviacha si alishika mimba?”

Mama Annah akaivuta mikono ya Kathini, akaiweka mapajani mwake. “Nisamehe, mwanangu,” alisema. “Nilikuja kumwambia Shiundu aoe mwingine.”

Kathini hakuwa amelia mimba zilipotoka. Alilia hapo, mbele ya daktari.

Daktari aliwaambia wanaweza kujaribu tena, ila hakuwaahidi chochote. Mpaka leo hawajapata. Kathini yuko kazini, na sweta zake hazirudishwi. Lakini siku tunapounga zile ndogo kabisa, za watoto wa nasari, huomba abadilishane na mwenzake. Tunambadilishia bila kuuliza.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, hatukuja kushtaki mtu. Msimamizi wa wakati ule alishastaafu, naye alikuwa akifuata alichokikuta. Wala hatusemi kila mwanamke azae akiwa kijana; mwingine hataki, mwingine Mungu hajamjalia. Tunasema kwamba Kathini alitaka, mumewe alitaka, na miaka yake ya kuzaa aliitumia kungoja barua. Barua inaweza kuchelewa na bado ikafika. Miaka ile haiwezi kurudishwa na ofisi yoyote.

Kwa hiyo tunaomba kibarua aliyefanya kazi vizuri mwaka mzima aandikwe. Na mwanamke akishika mimba, awe ameandikwa au hajaandikwa, akijifungua arudi kwenye mashine yake.

Tulidhani risala yetu ingeishia hapo. Lakini Jumatatu wiki hii msichana mmoja wa kibarua alimfuata Kathini kule vyooni, akafunga mlango. Amesikia kwamba jina lake limo kwenye orodha ya watakaoandikwa mwezi ujao, na ana mimba. Alikuwa ameshaanza kuulizia mahali pa kuitoa. Akamuuliza Kathini, “Dada, wewe ungefanyaje?”

Kathini anasema alimwambia, “Mimi siwezi kukuamulia. Ila usiamue kwa sababu ya hofu. Mgeni anakuja Alhamisi. Msikie kwanza.”

Leo ni Alhamisi, Bwana Mkurugenzi. Msichana huyo ameketi kati yetu, na hatutamwonyesha. Sisi tumemaliza kusema, na hotuba yako ndiyo inayofuata.

Mungu akulinde wewe na jamaa yako, awape afya na maelewano nyumbani, na akujalie maneno mema utakaposimama mahali hapa.

Ni sisi wako,
Wanawake wa Sehemu ya Ushonaji.
Imesomwa kwa niaba yao na Phelister Andati.