Historia ya Anastazi Kabera, na Ukweli Kuhusu Mguu wa Johari

Ndugu waombolezaji, majirani wa Rubondo na wageni wetu kutoka Mbarara, familia imenipa mimi, shemeji wa marehemu, kazi ya kuisoma historia hii, nami nitaisoma kama alivyoniagiza, hata pale ambapo ningetamani kuruka mstari.

Marehemu Anastazi Kabera alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 huko Gitarama, Rwanda, akasoma shule ya misheni hadi darasa la tano, na mwaka 1961 akaingia kambi ya Nakivale, hapa Uganda, pamoja na wazazi wake wakiwa wakimbizi. Mwaka 1964 alikwenda Nakuru, Kenya, akawa saisi katika mazizi ya farasi wa mashindano kwa miaka kumi na minne, na huko ndiko alikojifunza kutibu kano za miguu, kazi ya maji baridi, bandeji na subira, maana kano iliyochanika hupoa joto mapema lakini huunga kwa kuchelewa.

Tarehe 19 Agosti 1978 alifunga ndoa na Yayeri hapa hapa Rubondo, wakajaliwa Benon mwaka 1980 na Molly tarehe 23 Aprili 1988, na siku hiyo ya Molly ndiyo inayotupeleka kwenye jambo zito.

Tangu mwaka 1986 marehemu alikuwa saisi wa Haji Kasim, mfanyabiashara wa ngozi mjini Mbarara, na tarehe 12 Septemba 1987 farasi wake wa kuruka viunzi, Johari, alichanika kano ya mguu wa mbele wa kushoto. Marehemu akataka miezi tisa, akamtembeza kwa mkono asubuhi na jioni, na kila aliyemhimiza alimjibu haraka haraka haina baraka, hadi watu wakachoka kuisikia. Lakini Aprili ilipofika, Yayeri akiwa karibu kujifungua, na hakuna mwingine wa kuachiwa mguu ule, Haji alimuuliza, “Mzee, mguu iko namna gani?” naye akajibu, “Iko baridi, Haji, amepona,” akapewa ruhusa, akaja nyumbani.

Ilikuwa miezi saba tu, na alijua.

Siku ya pili ya Idi, tarehe 18 Mei 1988, kano ilikatika Johari akiwa juu ya kiunzi, binti wa Haji, Zuhurah, akiwa mgongoni, farasi ikabidi auawe na binti akavunjika paja. Mji mzima ulisema binti ni kichwa ngumu, alimchapa mnyama kupita kiasi, na baba yake naye akasema hivyo, akamkataza kukanyaga zizini. Marehemu aliyasikia hayo yote akanyamaza. Mimi shemeji yake nasema wazi, alikosa, na tunaona aibu. Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi, kilio humuumbua.

Alianza kuugua ini mwezi Juni mwaka huu, akalazwa Mbarara tarehe 17 Oktoba, na tarehe 2 Novemba akaniita niandike maneno haya, akitaka yasomwe mbele ya wote waliomsema Zuhurah. Nilimsihi amwambie mwenyewe, akageukia ukutani. Alifariki tarehe 9 Novemba 1989, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, wachungaji, na Haji Kasim aliyetoa gari la kumleta. Tunakushukuru pia wewe, Zuhurah, uliyepanda ngazi za wodi kwa fimbo yako kila asubuhi, siku ishirini na tatu, ukimletea uji na kumlisha kwa mkono wako, bila kujua unamlisha nani. Hukumchapa Johari. Ulimpanda kama ulivyofundishwa, ukamwamini saisi wako.

Mungu amlaze mahali pema, nawe, binti yetu, siku utakayoweza, mruhusu apumzike.