Dawa ya Njano Kwenye Pumba

Mama zangu, shikamooni. Na ninyi mnaonizidi kelele lakini si umri, hamjambo? Nimeombwa nisimame nieleze kilichonilaza hospitali mpaka wengine mkaanza kuazimana sufuria za msiba. Msicheke, nilisikia.

Mnakumbuka ushirika ulipolegea, wanunuzi binafsi wakaja na bei zao za kahawa, mbolea ikawa ya kujitafutia. Ndipo sisi akina mama wa hapa Mkumbi tukaingia kwenye kuku wa kisasa. Mimi mzaliwa wa Lundo kule ziwani nikaringa: dada zangu walikuwa wananiletea usipa, wale dagaa wa ziwa letu, nasaga, nachanganya na pumba.

Kisha maduka ya dawa za mifugo yakafunguliwa mjini Mbinga, kila mwenye fremu akawa daktari. Muuzaji akatuambia tusingoje kuku augue, tuwatilie ile dawa ya njano kwenye pumba kila siku, kijiko tu, watanenepa. Nani angekataa? Hakuna aliyetuambia vingine. Na kuku akianza kusinzia, desturi yetu mnaijua: tunamwahi kwa kisu kabla hajafa mwenyewe, tunagawana na jirani. Mikono iliyomtoa utumbo ndiyo inayosonga ugali, na kisu kilekile kinakata nyanya za kachumbari. Samadi tunaimwaga kwenye mboga kule bondeni, palepale tunapochota maji.

Ndugu zangu, nawaambia, niliugua. Ilianza haja ndogo kuchoma, nikanyamaza kwa aibu. Ikaja mgongo, ikaja homa ya kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Zahanati walinipa vidonge. Hospitali walinipa vingine, halafu sindano. Homa inashuka asubuhi, jioni imerudi. Nesi akija nampa mkono anichome, na wote wawili tunajua haitasaidia. Wifi yangu, huyu anayefuta macho pale, alikuwa ananigeuza kama mtoto mchanga. Sikuwa na la kufanya. Hata kusali niliacha, nikawa natazama dari tu.

Kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa kijiji cha Ruanda, ugonjwa uleule. Tulikuwa tunapeana pole kwa macho. Asubuhi moja naamka, godoro lake limekunjwa.

"Ameruhusiwa?" nikamuuliza wifi.

"Kunywa uji, wifi yangu."

Nikaelewa. Siku ile nilimwogopa Mungu, na nilimkasirikia pia. Niseme uongo mbele yenu wa nini?

Daktari alikuwa amepeleka mkojo wangu maabara ya mbali. Majibu yaliporudi akavuta kiti, akauliza jambo lisilo na kichwa wala miguu: "Mama, unafuga kuku?"

"Nafuga."

"Unawapa dawa gani?"

Nikamweleza. Akainamisha kichwa. "Wadudu waliokuingia wameizoea hiyo, na karibu dawa zote tulizo nazo hapa."

"Dawa inazoewaje, daktari?"

"Mtoto ukimkaripia kutwa, mwishowe anasikia?"

"Hasikii."

"Basi ndivyo. Ukiwaonjesha kidogokidogo kila siku, wanyonge wanakufa, sugu wanabaki na kuzaana tumboni mwa kuku. Wanapita kwenye mikono na maji, wanakaa tumboni mwako kimya. Wakipanda kwenye figo, hatuna cha kuwatishia. Siwezi kuapa wametoka bandani kwako. Hata anayemeza vidonge nusunusu anawafuga. Lakini banda lako silitoi kwenye lawama."

Ilibaki dawa moja, na pale haikuwepo. Sista wa hospitali akaita kwa simu ya upepo hospitali baada ya hospitali, mpaka ikapatikana ikaletwa na gari la misheni. Mama wa Ruanda haikumkuta. Mimi ilinikuta. Sijui kwa nini mimi, na nimechoka kujiuliza.

Asanteni. Wifi, Mungu akuzidishie. Sista, daktari, ninyi mliowapikia wanangu, asanteni. Ninachowaomba ni hiki: tuwachanje kuku, banda liwe kavu, kuku akiugua aitwe bwana mifugo, na mikono tunawe kwa sabuni. Dawa si kitoweo cha pumba.

Najua wengine mtaniitikia hapa na kesho mtakwenda dukani. Sina fimbo ya kuwazuia. Juma lililopita nilishuka Mbinga nikakuta kopo jipya la dawa ya kuku, akina mama wamejipanga. Jina lake nikamsomea daktari. Akasema ni ukoo mmoja na dawa iliyoniponya.

Mama zangu, daktari hakunificha: wadudu wale wanaweza kuwa bado wamo tumboni mwangu. Hiyo mkiitia kwenye pumba, nami nikaugua tena, mtanipa nini?