Ukurasa wa Kwanza wa Fundi Taratibu

Tarehe 30 Juni, Fundi Taratibu anastaafu baada ya kulitumikia ghala letu la dawa kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wengi wetu tumeshalisahau. Hili la Taratibu alipewa na marehemu mume wangu, aliyekuwa mtunza ghala, wala si kwa sababu ya mwendo wake.

Alianza kama fundi wa umeme. Kompyuta zilipofika, alijifunza kwa kusimama nyuma ya waliokuwa wakifundishwa. Printa ikigoma, aliipa pole kwanza, akaiuliza imekula nini, ndipo akaipasua tumbo. Hakupata kuipiga mashine kofi, ingawa sisi wengine tulizipiga.

Miaka tisa iliyopita, uongozi ulitaka kubadili mitambo, na ukataka njia moja kwa kazi zote. Meneja alipendelea kompyuta ya mbali: mashine zenyewe zikae makao makuu, nasi tuzifungue kupitia mtandao, kama mtu anayechungulia dirishani. Njia ya pili ilikuwa vifaa vidogo vyenye mfumo endeshi, yaani programu ya kuviendesha, ndani yake, kila kimoja na kazi yake moja, bila kumwuliza mtu. Fundi alipewa miezi mitatu alinganishe. Kila mtu alijua kwamba ripoti ikimfurahisha meneja, ukuu wa idara ni wake.

Mwezi wa pili, saa kumi na moja jioni, Fundi akiwa makao makuu kwa majaribio hayo, alimaliza kazi akabonyeza kitufe cha kuzima. Alidhani anazima kompyuta ya mezani aliyokuwa akiitumia. Kumbe alikuwa bado ndani ya lile dirisha, na iliyozimika ni kompyuta ya majaribio iliyoendesha chumba chetu cha chanjo, ambayo ilikuwa bado haijahamishwa kutoka ghalani, mwendo wa saa mbili kwa gari. Kuiwasha kutoka kule haikuwezekana. Ilikuwa ndani ya kabati lililofungwa, na ufunguo uko mfukoni mwake.

Alimpigia mume wangu simu, akaingia garini. Mume wangu alivaa koti zito, akawasha mtambo wa baridi kwa mkono, akavuta kiti mlangoni na kusoma kipimajoto kila baada ya dakika kumi. Fundi alipofika, chanjo zilikuwa salama. Mume wangu alimwambia tu, taratibu bwana, zima ya kwako kwanza. Jina likamganda.

Umeme ulikuwa umekatika kidogo mchana ule. Angeusingizia, nani angejua? Mume wangu alimwahidi kunyamaza, lakini Fundi akakataa. Kosa aliliandika ukurasa wa kwanza wa ripoti, kwa jina lake kamili, kisha ndipo akalinganisha. Kwa makarani wa oda, aliandika, kompyuta ya mbali ni bora: ya mezani ikiharibika, unahamia nyingine na kazi yako unaikuta. Kwa vyumba vya baridi, bora kifaa chenye mfumo wake ndani. Mtandao ukipotea hakina habari, na umeme ukirudi kinaamka chenyewe. Taabu yake hakuificha: kukisasisha, yaani kukiwekea programu mpya, ni kupanda ngazi, chumba baada ya chumba, vyote kumi na kimoja, vidole vikifa ganzi.

Meneja aliyakubali yote. Cheo akapewa mwingine. Fundi alimpa mkono wa pongezi, akachukua ngazi.

Mume wangu alipofariki mwaka juzi, Fundi alikuja nyumbani, akatengeneza taa ya uani iliyokuwa ikimsumbua marehemu.

Wiki iliyopita aliomba ruhusa yake ya kuingia kwenye mitambo kutoka mbali ifutwe mapema, asije akashawishika kutuchungulia akiwa kwake. Mkuu wa idara, yule yule aliyepata cheo, ndiye aliyeifuta. Ameniomba niandike hapa kwamba kila fundi mpya humpa ile ripoti aisome siku ya kwanza, na hamruhusu kuruka ukurasa wa kwanza.

Asante, shemeji. Kapumzike na afya yako, na siku zilizo mbele yako ziwe nyingi na nyepesi.