Kuwabara, Mrushaji Aliyekula kwa Kupigwa

Wasikilizaji wapendwa, mliotoka kuondoa theluji mlangoni na mnaosikiliza huku mnakula, karibuni. Leo tunamkumbuka Kuwabara Tetsuji. Amefariki Jumanne hapa Kanazawa, kwa ugonjwa wa ini, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Kuwabara Tetsuji, mrushaji wa mazoezi wa klabu yetu ya besiboli, Korongo.

Mrushaji wa mazoezi. Wengi wenu hamkuwahi kumwona, na si kosa lenu. Milango ya uwanja ilipofunguliwa, yeye alikuwa ameshaoga. Kazi yake ilikuwa kuwarushia wapigaji wetu, kabla ya mchezo, mipira inayopigika. Mrushaji wa mchezo hulipwa ili mpira usipigwe. Kuwabara alilipwa ili upigwe.

Alianza kama mrushaji wa mchezo. Alitoka Wajima, mtoto wa fundi wa mabakuli ya mbao, na klabu ilimchukua kwa matumaini makubwa. Wapinzani wakaipiga mipira yake walivyotaka. Alipofika miaka ishirini na minne, meneja alimwita akamweleza kwamba uchezaji umekwisha, ila mipira yake inawapendeza wapigaji, basi abaki awarushie wenzake. Hebu fikiria, msikilizaji. Kilichokutoa kazini ndicho hichohicho kinachokuajiri. Alikubali. Mkewe alikuwa mjamzito.

Msimu wa kwanza tu, akamgonga mwenzake kwa mpira kwenye kiwiko. Tena nyota wa timu. Kuanzia hapo mkono ukaingiwa na hofu. Warushaji wa mazoezi wanaujua ugonjwa huu: ukiwaza usimgonge mwenzako, utamgonga. Mipira yake ikawa inakwenda juu, inakwenda chini, kila mahali isipokuwa kwa mpigaji. Klabu ikampa mpaka mwisho wa mwezi ajirekebishe.

Aliyemtibu ni mkewe, mama Mitsue. Alichukua mwanzi wa kuanikia nguo, akasimama nao nyuma ya nyumba yao ya kupanga kama mpigaji, tumbo mbele.

"Nikamwambia, baba, rusha. Ukinigonga, utapika wewe mpaka huyu mtoto aanze shule," alinisimulia juzi, akicheka huku anajifuta macho. "Kupika hajui yule. Hakunigonga hata mara moja."

Mkono ukarudi. Ukadumu karibu miaka thelathini.

Aliyeufaidi zaidi ni Orito Kensuke. Alikuja klabuni hata ndevu hajaota, akawa nahodha, na kila siku alitaka kurushiwa na Kuwabara tu. Alikuwa akimtania kwamba mpira wake ni kama wali wa mchele mpya, hauhitaji mboga. Kuwabara naye alimjibu kwamba mlaji hodari hasifii, anakula akamaliza.

Mwishowe bega likachakaa, na daktari akamkataza kurusha. Kuwabara akaomba siku moja ya kuaga.

Sasa, desturi yetu mnaijua. Mrushaji akistaafu, mpigaji wake wa mwisho hukosa mpira mara tatu kwa makusudi, ahesabike ameshindwa, ili mkubwa aondoke na ushindi. Orito aliamua kumpa Kuwabara heshima hiyo. Akapunga gongo, akakosa. Akakosa tena. Akakosa mara ya tatu, akavua kofia, akainama. Wachezaji wakapiga makofi. Katibu wa klabu akatokea na maua.

Kuwabara hakuyapokea. Mimi nilikuwa nyuma ya wavu na kinasa sauti changu, nilisikia kila neno. Hakupaza sauti.

"Orito, mimi nimekula kwa kupigwa. Leo mpira wangu haupigiki?"

"Kaka, nilitaka kukuheshimu."

"Ungetaka kuniheshimu ungeupiga. Rudi ukasimame."

Orito akawa mwekundu mpaka masikioni, akarudi. Lakini bega lilikuwa limekwisha. Mpira uliofuata ulichimba ardhi. Mwingine ukapita juu ya kichwa cha Orito. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Angeshindwa hapo, angeondoka kama alivyoondoka ujanani, mrushaji aliyefeli, na safari hii hakuna kazi nyingine ya kumsitiri. Kuwabara akafuta kiganja kwenye suruali, akarusha tena.

Huo ulikuja katikati, usawa wa kiuno, pale hasa pa kupigwa. Orito aliupiga kwa nguvu zake zote. Ukavuka uzio, ukavuka viti vya juu, ukaangukia nje kwenye maegesho ya magari. Kuwabara aligeuka akautazama mpaka ukapotea. Kisha yeye ndiye aliyevua kofia, akamwinamia Orito. Siku ile nilimhurumia Orito. Kuwabara sikumhurumia; nilimwonea wivu.

Orito sasa ni kocha. Juzi alikuja msibani, akafukiza ubani, akaenda jikoni kwa mama Mitsue kumwomba radhi kwa kukosa kule mara tatu.

"Mwanangu, hiyo mitatu baba hakuwahi kuitaja hapa nyumbani," mama alimwambia. "Alikuwa anautaja ule mmoja."

Mama Mitsue, binti yao Haruka, na ninyi nyote wa Korongo, poleni sana. Nasi wengine tutafakari. Kila mmoja wetu ana mtu ambaye kazi yake ni kumfanya aonekane hodari: mwalimu, mpishi, fundi wa nyuma ya pazia. Siku yake ya kuondoka ikifika, usimkosee mpira kwa huruma. Piga kwa nguvu zako zote, naye aone unavyokwenda mbali.