Walipofunga Pamoja Nami

Bwana asifiwe, wapendwa! Itikieni vizuri, chai tumekunywa wote. Bwana asifiwe sana! Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, hamjambo. Na ninyi watoto wa kipaimara mnaosukumana pale nyuma, leo nawatafuta ninyi hasa. Naitwa Anaeli, wa hapa hapa Nkoaranga. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa sababu naweza kula.

Najua mmecheka. Ndugu zangu, hata mimi ningecheka. Lakini kaeni vizuri niwaambie.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko limefunguliwa, vitu vinamiminika mjini kila siku. Mimi nilikuwa nakata waridi kwenye shamba la maua Usa River, na siku ya mapumziko unanikuta sokoni Kwa Mrombo nimeinamia rundo la mitumba. Nilikuwa mnene, tena nilijipenda! Nilikula loshoro ya mama, mahindi yake na maziwa mgando, naongeza, nakomba bakuli. Kwenye kwaya niliimba sauti ya pili, na nikiyumba, benchi lilijua.

Kisha kwaya yetu ikapigwa video, ya kwanza kabisa huku kwetu mlimani. Kanda ilipofika tukajazana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, watu mpaka madirishani. Ndugu zangu, hadi siku ile nilikuwa naujua uso wangu tu, kwa kile kioo kidogo cha ukutani. Sasa nikajiona mzima, nikitembea, nikigeuka. Mtu mmoja akasema, "Jamani, Anaeli amewafunika soprano wote!" Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya, hata mama alicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nikarudi nyumbani, sikula.

Nanyi mnajua, kwetu huwezi kukataa chakula hivi hivi. Ukikataa utaulizwa unaumwa wapi, bibi ataitwa, utachemshiwa majani machungu. Lakini kuna neno moja ukilisema nyumba nzima inanyamaza. Nikalisema. "Nimefunga."

Mama akaondoa sahani kwa heshima kama anayeondoa Biblia mezani.

Basi nikafunga. Nikafunga tena. Wapendwa, nilisifiwa! Akina mama wakanishika mikono mlangoni mwa kanisa, wakaniletea mahitaji yao niwaombee, huyu mume wake mgonjwa amekataa dawa, yule ng'ombe wake hashiki mimba. Nami siombi chochote. Nawaza sahani tu, jinsi ya kuikwepa.

Mwanzoni niliona naweza kuacha siku yoyote nikitaka. Nilipotaka, sikuweza! Njaa ilikuwepo, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko njaa. Naliangalia tonge kama naangalia nyoka. Nikawa naona giza katikati ya waridi, nashika waya nisianguke. Sauti ikafa. Nywele zikabaki kwenye kitana. Wale wale walionisifu wakaanza kunong'ona habari za ugonjwa ule mbaya wa nyakati zile, maana enzi hizo ukikonda watu walishakuzika. Mama yangu alikuwa anaenda kulilia zizini, ili nisimsikie. Nilimsikia.

Ndugu zangu, nilikuwa nakufa, na niliyajua maneno ya kusema ili mtu yeyote asinizuie.

Sasa tulikuwa na kikundi chetu cha wasichana, Jumamosi mchana baada ya mazoezi ya kwaya. Hapakuwa na mtu mzima wa kutuongoza, sisi kwa sisi. Kiongozi alikuwa rafiki yangu Ndeonasia, yule pale, msimkazie macho ana aibu. Ndeonasia akaniangalia, akawaambia wenzetu, "Huyu dada anabeba mzigo mkubwa peke yake, nasi tunakula tu! Tufunge naye."

Wakafunga wote. Wakanifuata mpaka nyumbani, wakatandika mikeka sebuleni kwa mama, tukae katika maombi mpaka Bwana ajibu. Mimi nilishazoea. Wao hawakuzoea! Midomo ikawakauka. Mmoja akatapika maji matupu. Ndeonasia, mtu ambaye akikosa mtori wa ndizi mchana mmoja anatangaza msiba, alijilaza ubavuni pangu ameshika tumbo, akanishika na mkono. Akaniuliza polepole, "Anaeli mdogo wangu, tunaomba lakini hujatuambia. Hitaji lako ni nini?"

Nikatafuta hitaji. Nilikuwa hodari wa maneno, lakini siku ile nilikosa hata la uongo. Nikawaangalia wale wasichana wamelala na njaa kwa ajili ya ombi ambalo halipo, na moyo ukanipasuka. Nikalia kwa nguvu, nikasema, "Hakuna hitaji! Siombi kitu! Naogopa kula, na siwezi kuacha kuogopa!"

Nilijua watasimama waondoke, na wangekuwa na haki.

Ndeonasia akakaa kitako, akajifunga kanga yake. Akasema, "Basi hilo ndilo hitaji. Tumeshalipata. Mama, tupikie uji!"

Haleluya! Hakuna aliyenikemea, wala kuniwekea mikono na kupiga kelele. Uji ukaja. Wao wakanywa kwa pupa, mimi nikanywa kijiko, nikalia, nikanywa kingine, na Ndeonasia hakuuachia mkono wangu. Asubuhi wakanisindikiza hospitali, na nilirudi huko mara nyingi. Sikupona kama taa inayowashwa. Wapo watakaowaambia waliponywa palepale, Mungu awabariki, mimi nilipona kijiko kwa kijiko, mezani kwa rafiki zangu.

Baadaye tukaulizana, kwa nini tumsubiri mwenzetu mpaka afike mahali pale? Tukaanza mapema, na watoto wa kipaimara. Kila Jumamosi tunakaa nao, tunacheza maigizo. Ndeonasia anajifunga kanga kiunoni, anakuwa shangazi anayeingia mlangoni: "Mwanangu, umekuwa debe hivi, nani atakuoa?" Watoto wanajifunza kumjibu kwa adabu bila kuumia: "Shikamoo shangazi. Mwili wangu hauumwi popote. Karibu tule." Tunaangalia na kanda za video, tunacheka, tunaulizana nani alisema mtu lazima afanane na wale warembo wa kwenye kanda. Wavulana nao wanakuja, maana wapo wanaoitwa njiti nao wanalia peke yao. Na waliokaa kwenye benchi mwaka mmoja ndio wanaowaongoza wadogo zao mwaka unaofuata. Mtoto atamficha mama yake, atamficha mchungaji, lakini rafiki anayekaa naye benchi moja atamwona.

Na sisi watu wazima, nawaomba kwa upendo, tuache kusalimiana kwa kutajana miili, umenenepa, umekonda. Tuulizane habari za nyumbani, inatosha.

Mama yangu, ahsante kwa uji ule. Rafiki zangu, mlikaa na njaa kwa ajili yangu wakati hata mimi sikujua naomba nini, nanyi nawapenda, nawapenda mno. Na wewe binti uliyekaa hapa, uliyesema nyumbani umefunga na moyoni huna ombi, sitakutaja, wala sikutazami. Mtumaini Yesu, halafu njoo Jumamosi ukae nasi. Huhitaji kueleza chochote. Kaa tu, tutakushika mkono.

Niishie hapo, wapendwa, maana nasikia harufu ya pilau ya akina mama kule nyuma, na mimi Anaeli nina njaa. Nina njaa, na siogopi! Jina la Bwana libarikiwe!